Nusu ya Nane

Alikuja alasiri, soko la Magu likipunguza kelele,
Luhende, kofia ya pama, makatambuga mapya,
akachora kwa kidole kwenye majivu yangu
tatu iliyogeuka, iliyotazama nyuma.
"Nifulie hii. Upana wa kiganja."
Ningeweza kujidanganya kuwa hajui hesabu.
Mhunzi haulizi. Mhunzi huuliza mkaa,
huuliza nondo, ya mili kumi na mbili au kumi na sita.
Nikavukuta. Ikawa nyekundu, ikawa njano,
nikaipinda matumbo mawili,
nikaizamisha ndooni, ikanipigia mluzi.
Elfu kumi na tano, na kikombe cha dengu juu yake.
Dengu zile nilizila na mke wangu. Zilikuwa tamu.

Usiku wa tisa walivunja zizi la dada yangu Nkwimba,
wakaacha ndama, wakachukua maksai wanne,
Sumuni mbele, yule mwenye doa jeupe utosini,
duara kama sarafu ya zamani.
Yowe likapigwa, kilima kikalipokea, kilima kikalirusha.
Sungusungu wakafunga njuga, wakafuata kwato
hadi ziwani, na ziwani kwato zikaisha.
Walikuwa wamewaswaga ndani ya maji,
maji ya magoti, sambamba na matete,
na ziwa mnalijua, halitunzi nyayo za mtu.
Hata za kiboko.

Siku ya mnada Nkwimba alisimama kwenye ua wa mbao
akaita, si kwa sauti kubwa: "Sumuni."
Ng'ombe akageuza kichwa. Akaja.
Akalaza kidevu juu ya ubao, akapumua kwenye kanga yake.
Karani alitazama paja, hakutazama uso.
"Yako ni tatu, mama. Huyu ni nane."
Nane kweli.
Nusu ya kulia kovu la kijivu, laini, la miaka;
nusu ya kushoto ilikuwa bado inatoa maji,
nzi wameifuata mstari kwa mstari
kama watoto wanaojifunza kuandika.
"Kibali ninacho," Luhende akasema,
na alikuwa nacho, kina muhuri.

Nami nilikuwepo. Nilikwenda kununua chumvi.
Niliuona upindo wangu, pale juu
nyundo ilipoteleza kidogo
nikasema, aa, ng'ombe hasomi.
Sikununua chumvi.

Pamba ilipokwisha kuvunwa akaja kibandani,
akaketi kwenye gogo la wateja kama mteja.
"Wewe unajua chuma. Kuna alama isiyoongezeka?"
Nikawaza. Moja ukiipa kofia ni saba.
Sifuri ukiipa mkia ni tisa.
P ukiipa mguu ni R, C ukiifunga mdomo ni O.
"Hakuna," nikasema,
na sauti yangu ikanisaliti, ilijua mno.
Akainama. Akachora majivuni polepole,
bila kunyanyua kidole, nane.
"Hii imeshiba. Haina pa kuongezwa kitu."
"Lakini hii ni ya Luhende."
"Imeandikwa jina lake?"
Ndege wa dagaa walipita juu ya bati, wakielekea majini.
"Zizini kwake kuna arobaini," akasema,
"na wote wamevaa nane. Mimi nikiwa na chuma,
na karani akiwa hatazami uso,
si ni swali la nani anaamka mapema?"

Nilifua. Sikuwahi kufua vizuri namna ile;
hakuna kona iliyoteleza.
Nikamwambia sitaki pesa, sisi ni tumbo moja.
Alihesabu hata hivyo, juu ya fuawe, noti baada ya noti:
elfu kumi na tano.
Kisha akafungua pindo la kanga
akanimiminia, bila kunitazama,
kikombe cha dengu.